Mbwa Walionona

Mmeniomba niwaandikie ratiba ya mazoezi ya mbwa, kwa kuwa nimestaafu na mnaogopa nitakufa nayo kichwani. Niliiandika wiki iliyopita. Ilienea katika karatasi moja: saa ya kutoka, mwendo, chakula, mapumziko. Nilipoisoma nikaichana, kwa sababu mtu angeweza kuifuata yote na bado asijue kwa nini anaifuata. Kwa hiyo naanza upya, nanyi mnivumilie. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mnavijua, na havikuwa vya kusimulia.

Niliingia kazini kabla ya vita ya Hitla. Nilizaliwa Muleba katika nyumba ya Kilutheri, na baba alitaka niwe mwalimu wa shule ya misheni. Lakini Bwana Nyama wa wakati ule, Mwingereza aliyesimamia mambo ya wanyamapori, alikuwa anatafuta mtu anayejua kuandika Kiswahili na asiyeogopa mbwa. Kuandika nilijua. Kuhusu mbwa nilidanganya.

Kazi yenyewe mnaijua, ila hamkuijua ilipoanza. Nguruwe pori na nyani walikuwa wakimaliza vibanja, mashamba yetu ya migomba. Mhaya ukimwondolea migomba hana chakula, hana pombe, na hana mahali pa kumzika baba yake. Serikali ilileta bunduki, lakini bunduki haiingii kwenye matete. Mbwa anaingia. Basi wakanunuliwa mbwa wa kwetu, wale wadogo wenye mkia wa kujikunja na masikio ya kusimama, ambao hawabweki wakiwa kazini. Kwa kuwa hawabweki, tuliwafunga njuga shingoni ili tujue wako wapi.

Siku ya kwanza nilimkuta bandani Mzee Athumani. Alikuwa Mwislamu wa Kashai. Baba yake alifika Bukoba na msafara kutoka Pwani, akaoa huku, akabaki. Mzee Athumani alikuwa na kanzu mbili, moja ya mbwa na moja ya watu. Ya mbwa ilikaa bandani kwenye msumari. Kila jioni alijiosha mara saba, mara moja kwa udongo, ndipo akavaa ya watu na kwenda msikitini. Majirani zake walimsema sana kwa kazi ile. Yeye aliwajibu kwa majina ya mbwa. Mmoja aliitwa Semeni, mwingine Hayawahusu, na jike lililoongoza kundi liliitwa Nimezoea. Tukipita Kashai asubuhi alikuwa akiwaita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alisaka nguruwe miaka yote hiyo na hakuwahi kumgusa hata mmoja kwa kidole. Nguruwe akishakufa, Mzee alikuwa akigeuka na kusema, "Haya, Walutheri, shughuli yenu hiyo."

Siku hiyo ya kwanza alinipa kamba yenye mbwa wawili, akaniambia tupande kilima. Nilimuuliza nitawafundisha nini nikifika juu. Akasema, "Wao wanajua. Leo unafundishwa wewe." Tulitembea, tukakimbia, tukatembea tena. Tulipofika juu, pale migomba inapokwisha na rweya, mbuga ya nyasi tupu, inapoanza, nilikaa chini nikatapika uji wote wa mama. Semeni akaula. Mzee Athumani alitazama ziwani kana kwamba hakuona kitu, kisha akasema, "Pole pole ndiyo mwendo, Zakaria. Kesho utatapika kidogo."

Yafuatayo ni aliyonifundisha, nami nawapa kama nilivyopewa.

Mbwa hakimbizwi akitoka tu bandani. Anatembea kwanza mpaka anye, na nyinyi mtazame alichokunya, maana mbwa hana njia nyingine ya kuwaambia habari za tumbo lake. Baada ya hapo ndipo mbio za taratibu, halafu kilima. Kilima kinajenga mapaja. Barabara ya changarawe inakomaza nyayo, lakini si saa sita mchana, mtazichoma. Mchanga wa ufukweni unajenga mabega, ila una funza, kwa hiyo jioni mkague kidole kwa kidole, na mkimaliza vidole vya mbwa mkague vyenu. Kuogelea ni dawa nzuri ya mbwa aliyeteguka mguu. Sisi tuliwaogeleza Kemondo, karibu na pale mashua za mizigo zinaposhushia, kwa sababu penye kelele za watu mamba hapapendi. Mwisho wa safari mnatembea tena mpaka ulimi urudi mdomoni. Maji kidogo kidogo. Chakula jioni tu, ndizi zilizopondwa na vichwa vya samaki, kamwe si asubuhi kabla ya kazi.

Mbavu mnazitafuta kila Jumatatu kwa kiganja. Mbili za mwisho mzione kwa macho, zilizobaki mzipate mara tu mkigusa. Mkilazimika kubonyeza, mbwa huyo haendi msituni.

Siku ya mapumziko ni moja kwa juma. Mzee Athumani alitaka Ijumaa, mimi nikataka Jumapili. Bwana Nyama akaamua iwe Jumatano ili asimpendelee mtu.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili. Mbwa aliyelala wiki mbili anataka wiki mbili za kurudishwa. Aliyelala wiki sita anataka sita. Pumzi hailimbikizwi kama mahindi ghalani. Nguruwe hasakwi kwa meno ya mbwa, anasakwa kwa pumzi. Mbwa wanamzunguka, huyu anamvuta huku, yule kule, wanamgeuzageuza mahali pamoja mpaka watu wa mikuki wafike. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima. Mbwa akiishiwa pumzi anasimama kando na ulimi nje, na hapo nguruwe ndiye anayechagua pa kwenda.

Mzee Athumani alinifundisha hayo kwa miaka minane. Siku hizo kwenda Muleba kusaka tulikwenda kwa miguu, siku mbili, na mwendo wenyewe ulikuwa sehemu ya mazoezi. Baadaye lori likaja, na wote tukafurahi.

Sasa nafika kwenye mwaka ninaoutaka.

Mwaka ule masika yalikuwa mazito. Magoti ya Mzee Athumani yalivimba, akawa wa kitandani kwake Kashai, na mbwa kumi na mmoja wakabaki mikononi mwangu. Wakati huohuo tulikuwa na Bwana Nyama mpya. Akanijulisha kwamba yatafanyika maonyesho ya kilimo mjini, wakubwa watakuja kwa meli kutoka Mwanza, na mbwa wetu watapitishwa mbele yao. "Nataka wang'ae," aliniambia. Hakusema zaidi ya hilo, na wala sitaki kumtwika yeye. Mtu wa Ulaya akisema mbwa ang'ae, pengine ana maana ya brashi tu.

Mimi nilielewa kwa namna yetu. Kosa nililofanya ni kosa la Mhaya, Mzee Athumani asingeweza kulifanya hata akitaka. Kwetu bibi arusi akishaletwa huwekwa ndani. Halimi, hachoti maji, hapigwi na jua. Hulishwa maziwa, hupakwa siagi, na siku anapotolewa watu husema, huyu ametunzwa. Dada zangu watatu walitunzwa hivyo, na niliona jinsi watu walivyowaheshimu mama wakwe waliowatunza. Basi nikawaweka mbwa ndani. Nilitandika nyasi safi kama zinavyotandikwa sebuleni. Niliwapa maziwa, karanga, na matumbo ya ng'ombe kutoka machinjioni. Jioni niliwapaka siagi mgongoni. Mvua ilikuwa inanyesha, kilima kilikuwa utelezi mtupu, na kila asubuhi niliposikia maji juu ya bati nilisema moyoni, leo wapumzike, kesho tutapanda. Nilisema hivyo kwa wiki sita.

Siku ya maonyesho waling'aa. Mke wa mkubwa mmoja alivua glavu ili ampapase Nimezoea. Watu wa mjini, walewale waliokuwa wakimsema Mzee Athumani, walipiga makofi. Bwana Nyama alinishika bega mbele za watu akasema, "Safi sana, Zakaria." Nasema kweli, nilijisikia mtu siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Siku tatu baadaye ikaja habari kutoka Ijumbi, kijiji cha Muleba. Dume la nguruwe lilikuwa limeharibu vibanja vitano na kumjeruhi mzee mmoja mkononi. Wananchi walitaka mbwa, tena upesi. Bwana Nyama, ambaye bado alikuwa na furaha ya maonyesho, akasema lori liondoke kesho yake asubuhi.

Tulipokuwa tunawapakia, Mzee Athumani akaja na fimbo, pole pole, kutoka Kashai. Alikuwa amevaa kanzu ya watu. Akasahau, au hakujali, akaupeleka mkono ubavuni mwa Nimezoea.

"Mbavu ziko wapi?" aliuliza.

"Zipo, Mzee. Ni manyoya ya masika."

"Wamekimbia?"

"Kila siku. Mvua ikikatika tu, tunapanda."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mzee."

Bwana Nyama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, na injini ilikuwa inanguruma. Mzee Athumani alinitazama usoni. Naamini alijua. Lakini miaka minane sikuwahi kumdanganya, au tuseme hakuwahi kunikamata, na mtu mzima akikuambia kitu mara mbili huwezi kumwita mwongo mbele ya mkubwa wake. Akasema, "Haya. Mungu awatangulie," akarudi nyumbani.

Ijumbi tulipokewa na watu wengi wenye mikuki na nyavu. Aliyepanga watu alikuwa Rwegasira, Ta Rwegasira kwa heshima ya Kihaya, mkulima wa pale, msasi aliyerithi usasi kwa babu yake. Alikuwa mtu wa utani. Aliwatazama mbwa wakishuka kwenye lori akasema, "Waitu, ndugu zangu, mbwa wa Serikali wanakula nini? Niandikeni na mimi kazi." Watu wakacheka. Akanipa kahawa ya kutafuna, punje mbili kiganjani, kama mgeni anavyopewa. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha bonde la matete, na mahali nyavu zitakapokaa, na upenyo mmoja wa njia ya maji ambao hauwezi kuwekwa wavu. Pale angesimama yeye na mkuki wake.

"Mbwa watanishikia?" aliuliza.

"Watakushikia," nilimwambia.

Nikawafungua. Kwa robo saa njuga zililia vizuri, zote pamoja, zikizunguka mahali pamoja katikati ya matete. Watu walianza kusogea. Halafu nikasikia njuga zinatawanyika. Moja huku, moja kule, nyingine imenyamaza. Nilijua pale pale. Nilipiga filimbi, nikapiga kelele watu waondoke, lakini bonde lilikuwa limejaa kelele. Nimezoea akatokeza kwenye matete mbele yangu, ulimi umegeuka rangi ya zambarau, akanitazama, akalala miguuni pangu. Hakuwa na jeraha lolote. Alikuwa amechoka tu.

Ndipo nikasikia ukelele upande wa njia ya maji.

Dume lilimkata Ta Rwegasira paja kwa ndani, pale penye mshipa mkubwa. Nilimfunga paja kwa shati langu. Alikuwa na akili zake, akasema ana kiu. Tulimbeba kwa machela kuelekea barabarani kwenye lori, na hatukufika naye akiwa hai. Nguruwe alikwenda zake, hakuna aliyemfuata.

Bwana Nyama aliandika kwamba ni ajali. Jioni ileile tulirudisha mbwa Bukoba. Nilikaa bandani nikijiambia kwamba msasi ni mtu wa hatari, kwamba yeyote angeweza kuuawa pale, kwamba hata mbwa wenye pumzi hushindwa siku nyingine. Yote hayo ni kweli, na siku ile hayakuwa kweli.

Siku ya tatu nilikutana sokoni na mwuza kahawa mmoja wa Ijumbi. Akaniambia habari ambazo sikuzitazamia. Wazee wa kule walikuwa na mwiko: mume akiwa katika usasi, mke hatoki katika kibanja mpaka arudi. Siku ile mke wa Ta Rwegasira, Ma Kemilembe, alikuwa ametoka kwenda chemchemi. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa na mtungi ulikuwa mtupu. Jirani alimwona. Sasa ukoo ulikuwa unasema yeye ndiye aliyemuua mumewe. Hakuna aliyekubali maji aliyochota wala chakula alichopika. Walikuwa wanangoja matanga yaishe, wazee wakae, arudishwe kwao. Kibanja kingekwenda kwa shemeji yake, Ta Kaijage, na watoto wawili wangebaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo.

"Watu wa kwetu bado wana ujinga," alisema yule mwuza kahawa, huku akipima kahawa yake.

Nilirudi bandani. Mngesema kwamba hapo ndipo nilipokimbia kwenda Ijumbi. Sikukimbia. Nilifikiri juu ya kazi yangu, na juu ya baba ambaye tayari aliona aibu kwamba mwanawe anachunga mbwa. Nilifikiri pengine wazee wangemwonea huruma. Niliwatoa mbwa kilimani kila siku, alfajiri na jioni, kana kwamba hilo lingesaidia mtu. Siku ya nne ikapita, ya tano, ya sita.

Siku ya saba nilikwenda Kashai. Mzee Athumani alikuwa kitandani, magoti yamefungwa majani. Nilimweleza yote, wiki sita, maziwa, siagi, na uongo wa pale kwenye lori. Nilipofikia habari ya Ma Kemilembe na chemchemi, aliinuka akaketi.

"Yule mama yuko hali gani leo?" aliuliza.

"Sijui, Mzee."

"Hujui." Akaisukuma shuka pembeni. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Lakini wewe hukuficha uchi wako. Umemvua mwenzako ukajifunika nguo yake."

Aliomba fimbo. Nilimwambia lori litaweza kutupeleka kesho kutwa. Akasema, "Lori limetosha. Tutakwenda kwa miguu, na mbwa wote." Nilimkumbusha magoti yake. Akasema magoti ni yake.

Tulitembea siku mbili. Sijui alivyoweza. Tulipita Kemondo, tukalala kwa rafiki yake mmoja, tukaendelea. Njia nzima hakuniambia neno kuhusu uongo wangu. Alizungumza juu ya mbwa tu, huyu anachechemea, yule apewe maji. Kila tulipopumzika aliwapapasa mbavu mmoja mmoja, bila kunitazama. Heri angenitukana.

Tulifika Ijumbi siku ya tisa, wazee wakiwa wamekwisha kukaa uani. Ta Kaijage alikuwa katikati. Ma Kemilembe alikuwa ameketi peke yake kando ya jiko, chini, bila mkeka. Mtoto mmoja alitaka kumwendea, shangazi yake akamshika mkono.

Mzee Athumani alisalimia kwa adabu, akasema, "Kijana wangu ana maneno." Akasimama nyuma yangu na kamba za mbwa.

Nilisema kwa Kihaya, ili kila mtu asikie. Nilisema mbwa waliletwa Ijumbi wakiwa hawajakimbia wiki sita. Nilisema niliwanonesha kwa ajili ya maonyesho, na kwamba mbwa walionona hawana pumzi, na kwamba nilijua. Nilisema Ta Rwegasira aliniuliza kama watamshikia, nami nikasema watamshikia. Mzee mmoja akasema, hata hivyo mwiko ulivunjwa. Nikamwambia, "Tata, hata mkewe angekaa amefungwa kwenye nguzo ya nyumba, mbwa wangu wasingeweza. Huyu Nimezoea alilala miguuni pangu kabla ya Ta Rwegasira kupiga kelele. Nilimwona."

Ta Kaijage aliinuka. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Waitu, kwa hiyo huyu mwanamke hana neno?" aliuliza.

"Hana neno."

Wazee wakanong'ona. Ilichukua muda, maana si rahisi watu kuondoka mahali walipokwisha kukaa. Mwishowe mzee wa ukoo aliagiza maji. Akasema yachotwe na Ma Kemilembe mwenyewe. Aliinuka, akaenda kwenye mtungi, akaleta kibuyu, na yule mzee akanywa mbele ya wote, akampitishia Ta Kaijage, naye akanywa. Yule mtoto akamponyoka shangazi yake.

Ma Kemilembe alikuja mpaka niliposimama. Alikuwa mwanamke kijana bado. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, njia nzima nilikuwa nikiyapanga.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu siku ile ile."

"Siku tisa," alisema. "Mume wangu ulimuua kwa uvivu, nitajitahidi kukusamehe. Siku tisa mwanangu ana homa, na hawakuniacha nimpe maji. Ulikuwa wapi?"

Maneno niliyoyapanga niliyaacha pale pale uani.

Yaliyonipata kazini baada ya hapo hayana maana, isipokuwa hili: Bwana Nyama alitaka kunifukuza, na Mzee Athumani akamwambia kwamba tangu siku hiyo hatapata mtu atakayewakimbiza mbwa kama mimi. Alisema kweli. Mliniona. Mvua, jua, malaria, mbwa walitoka. Mlinicheka mliponikuta napapasa mbavu hata za mbwa wa wapita njia. Mzee Athumani alifariki miaka mitatu baadaye, na Kashai nzima ilimzika, pamoja na wale waliomsema. Nilimlilia kama baba.

Banda la pili lilipofunguliwa Muleba, niliomba niende huko. Njia yetu ya mazoezi ilipita Ijumbi. Ma Kemilembe alikuwa akilima kibanja chake na wanawe, nao wakikua. Alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mpita njia, wala zaidi ya hapo sikutazamia. Kama alinisamehe hakuniambia, nami sikumuuliza.

Juma moja kabla ya kustaafu nilikwenda kumuaga. Ana mvi sasa, na mwanawe mkubwa amemjengea nyumba ya bati. Alinipa kiti.

"Umemaliza kazi?" aliuliza.

"Nimemaliza, Ma Kemilembe."

"Na hao vijana unaowaachia mbwa, wanajua Rwegasira aliuawaje?"

"Wanajua ni nguruwe."

"Na zile siku tisa?"

Nikatikisa kichwa. Akageukia migomba yake.

"Basi umemaliza kazi ya Serikali," alisema. "Yangu bado."

Nilimwahidi nitawaambia. Nikarudi Bukoba, nanyi mkanifanyia sherehe, mkapika pilau. Mmoja wenu akasimama na hotuba nzuri, akasema kwamba katika miaka yangu yote mbwa wangu hawakuwahi kumwangusha mtu. Nilikuwa nimeketi mbele, wote mkinitazama, na nafasi ya kusema nilipewa. Nikasema asanteni, nikapiga makofi pamoja nanyi.

Mkizihesabu zile tisa, hiyo ilikuwa siku ya kumi.